Jirani wa Chini Amepanda

Shoga! "Unatwanga nini humo tangu asubuhi? Dari langu linataka kuanguka!" Jirani wa chini huyo, mlangoni kwangu, mikono kiunoni.

Nikamwambia sitwangi, naruka kwa mguu mmoja kwenda jikoni. "Mtu mzima unaruka kama chura?"

Nikamwinulia mguu wenye bandeji. Si unajua, shoga, wamenichonga ule mfupa uliochomoza kwenye kidole gumba cha mguu? Daktari kanikataza kuukanyagia, na mimi niliyezoea nyumba kujaa watu niko peke yangu, njaa inaniuma!

Akashusha mikono. Yule mama na mdomo wake, shoga, akavua viatu akaingia ndani!

Kisha huyo jikoni. "Kaa! Mguu juu ya mto! Ukivunjika shingo nitagombana na nani?"

Sasa kapika, kapakua, kanisogezea meza yangu mwenyewe, ananiambia: "Karibu ule, jirani. Jisikie uko nyumbani."