Vitendawili vya Shangazi Mwanakombo

Jumatano, baada ya isha

Na leo tena kile kisanduku cha kijivu. Nikiufungua ukurasa wa vitendawili vya marehemu shangazi, kivinjari kinanitaka nipakue programu ya nyongeza ambayo kampuni yake imeshaizika. Mlango wao, ufunguo wao, sauti ya shangazi yetu.

Maswali nilikuwa nimeyahifadhi kando, faili za sauti za kawaida. Nimeyaweka kwenye ukurasa mpya wa viwango huria, unaofunguka kwenye simu yoyote bila kumwomba mtu ruhusa. Majibu yamebaki ndani ya kisanduku. Sidhani kama nitayatoa.

Jioni binti wa shangazi, Mwanaidi, alikuja kutoka Bongwe kusikiliza. Nikabonyeza.

"Kitendawili!"

"Tega," Mwanaidi akaitikia.

"Mgeni wangu huingia bila hodi, huondoka na harufu ya nyumba."

"Upepo."

Kisha shangazi, kama ilivyo ada mjibu akishindwa, akadai apewe mji ndipo atoe jibu: "Haya, nipe mji."

Nikamwambia Mwanaidi kwamba hiyo ni sauti iliyorekodiwa tu, haisikii, na jibu lake halimo. Hakunijali. Akaiinamia simu.

"Nenda Bongwe, Mama. Nenda nyumbani."

Zamani shangazi angesema alivyopokewa huko, alivyokirimiwa, ndipo atoe jibu.

Tukangoja. Hata mimi, niliyejua kuwa halimo, nilingoja.