Damu au Moshi

Jumapili, saa moja jioni. Mvua imekatika lakini bati bado linadondosha. Kwa mwandiko huu wanafunzi wangu wa darasa la kwanza wangenicheka.

Sekela amepatikana. Naandika hilo kwanza, ili siku yoyote nitakayofungua ukurasa huu nikutane nalo kabla ya mengine. Amepatikana, amekula, amelala na anakoroma, hana hata mkwaruzo.

Ila hofu haijanitoka.

Ngoja nieleze tangu mwanzo, maana nisipoeleza humu sitaeleza popote.

Amosi, mume wangu, anapima kahawa Ihanda. Anarudi Tunduma Jumamosi jioni, na Jumatatu alfajiri anadandia lori kurudi kazini. Kwa hiyo ndoa yetu, ukiipima kwa mizani yake, ni Jumapili moja kwa wiki. Na Jumapili hiyo ina kanisa, ina wageni, ina Esteri wa miaka minane na Sekela wa miaka minne, ambao wanamrukia baba yao kama vile amerudi kutoka vitani.

Ndipo tukabuni Saa ya Wakubwa. Tukishakula mchana, natundika kitenge changu cha samaki kwenye msumari wa mlango wa chumba chetu, ule unaofungukia uani. Kitenge kikiwa pale, wazazi hawapo duniani. Hakuna kugonga, hakuna kuita, hakuna kushtakiana. Labda kuwe na damu au moshi. Amosi ndiye aliyetunga sharti hilo kwa mzaha, na watoto wakalipenda, wakawa wanaliimba wakiruka kamba. Damu au moshi, damu au moshi.

Tunafanya nini mle ndani? Daftari, wewe ni mtu mzima. Lakini mara nyingi, nikisema kweli, tunakunywa kahawa, tunacheza karata, tunasengenya ndugu wa pande zote mbili kwa haki sawa, halafu tunalala midomo wazi.

Majirani wanatushangaa. Mama mkwe anasema nalea watoto kwa vichekesho. Ni kweli. Amosi akifika huwanyanyua mmoja mmoja, akawanusa nyuma ya masikio na kutoa hukumu kama anavyofanya kwa kahawa ya wakulima: "Huyu daraja la kwanza. Huyu bado ana unyevu, arudishwe juani." Na aliyerudishwa juani hukimbilia nje akicheka, nasi tunapata dakika kumi za kuongea. Kichwa cha kuku nimewaambia huliwa na watu waliotimiza miaka thelathini. Esteri anahesabu miaka iliyobaki.

Sikubuni haya kwa uvivu. Mama yangu, kule Mbebe, alizaa tisa. Sikuwahi kumwona ameketi ila akichambua maharage. Siku moja nilimuuliza anapenda nini, akanitazama kama nimemuuliza kwa lugha ya kigeni. Siku ile niliogopa kuwa kama yeye. Niliapa kwamba mimi nitalea watoto na nitabaki mtu.

Leo nimeogopa kitu kingine.

Tulitundika kitenge saa nane. Mvua ikaanza kupiga bati. Sabuni hakuna madukani, sukari hakuna, mafuta ya taa ni ya kuvizia foleni, lakini mvua juu ya bati na mume pembeni bado havijawekwa kwenye mgawo. Amosi akalala. Mimi nilikuwa nusu macho, nusu usingizini, katika ile raha ambayo mtu hataki hata kugeuka.

Mlango ukagongwa. Taratibu, mara mbili.

"Kuna damu?" nikauliza.

"Hapana, mama." Alikuwa Esteri.

"Kuna moshi?"

Nadhani sasa kwamba aligeuka kwanza kutafuta moshi. "Hapana, mama."

"Basi rudi juani. Bado una unyevu."

Nikacheka ndani ya mto. Nilijiona mcheshi. Na jua lenyewe halikuwapo, mvua ilikuwa inamwagika. Nikasikia miguu yake ikiondoka kwenye matope, nikalala.

Tulipofungua mlango ilikuwa saa kumi imepita. Esteri alikuwa ameketi kizingitini, gauni limemganda mwilini, midomo inamcheza kwa baridi. Akasimama kama wanafunzi wangu wanavyosimama mkaguzi akiingia darasani.

"Sekela hayupo," akasema. "Nimemtafuta hadi barabarani."

Amosi akamshika mabega. "Tangu saa ngapi? Mbona hukutugongea?"

"Niligonga."

"Mimi sikusikia."

Esteri akanitazama. Aliningoja mimi niseme.

Na mimi sikusema.

Nikapiga kelele za jina la Sekela badala yake, nikatoka mbio. Mtu akipiga kelele haulizwi maswali.

Hapa Tunduma mtoto ana mahali pengi mno pa kupotelea. Kuna korongo nyuma ya shule, ambalo mvua ya saa moja tu hulijaza maji mekundu. Kuna reli. Kuna barabara kuu na malori yaliyojipanga kungoja kuvuka, madereva wa kila kabila na kila nchi, na ng'ambo ya pili ni Nakonde, na baada ya Nakonde ni Zambia yote. Mpaka wenyewe mtoto anauruka kwa mguu mmoja akicheza. Nilianza na korongo. Nilisimama ukingoni nikiangalia kila kitu kilichopita, tawi, kandambili, kopo, na kila kimoja kilikuwa yeye mpaka kinapokaribia.

Mama Zuhura, jirani yetu wa uani, mwenyeji wa Kondoa ambaye mume wake ana malori mawili, alikuwa ameshatoka na ushungi wake kukusanya wanawake. Yeye alidhani muda wote Sekela yuko ndani nasi. Balozi wetu wa nyumba kumi akapita mlango kwa mlango. Watu walitoka, sitasahau. Walitoka kwenye matope bila kuulizwa mara mbili.

Kisha muuza karanga mmoja akasema ameona mtoto mwenye gauni jekundu akinyanyuliwa kwenye lori lililokuwa linaelekea ng'ambo.

Sekela alikuwa amevaa gauni jekundu.

Amosi hakusubiri sentensi iishe, alikimbia kwenda mpakani. Mgambo walimsimamisha wakampekua mifuko na hata soksi, maana mtu anayekimbilia ng'ambo siku hizi anadhaniwa anavusha kitu, na yeye tena ananukia kahawa. Ameniambia baadaye kwamba alikuwa analia huku anavua viatu, na yule aliyempekua alipoelewa alimfungia kamba za viatu yeye mwenyewe. Akafika kwa dada yake anayeishi Nakonde, wakatafuta pamoja. Lori lilipatikana kwenye foleni ya upande wa pili. Mtoto mwenye gauni jekundu alikuwa wa dereva mwenyewe, mvulana, amevaa shati jekundu la baba yake.

Mimi hayo yote sikuyajua. Nilikuwa uani, kwa saa nzima nikiwaza mwanangu yuko kwenye lori linalokwenda nisikokujua, na sababu ya yote ni kwamba nilitaka kulala kidogo. Nilimwahidi Mungu vitu ambavyo sasa naona haya kuvikumbuka. Nilimwambia nitakichoma kitenge. Nilimwambia sitaketi tena mpaka wakue, nitakuwa kama mama.

Na katikati ya hayo Mama Zuhura alimgeukia Esteri. Hakuwa na ubaya, alikuwa na hofu tu kama sisi sote. "Mtoto mkubwa hivi! Unashindwa kugonga mlango kwa nguvu? Ungepiga hata mateke!"

Esteri akainamisha kichwa.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale. Nilisikia. Nilifungua mdomo, nikawaona wale wanawake wote wamenizunguka, mwalimu wa watoto wao, nikaufunga. Nikamwacha binti yangu akemewe kwa kosa langu.

Nimeandika. Haya.

Ni Esteri aliyemwona. Nyuma ya nyumba ya Mama Zuhura kuna lori lao la pili, liko juu ya magogo tangu mwaka jana, halina matairi na spea zake hazipatikani. Watu walikuwa wameshalizunguka, wamelipiga mabodi, wameita, hakuna aliyeitika. Esteri alinivuta mkono, akanionyesha kwa kidole, wala hakusogea.

"Mama. Kuna kitambaa."

Kwenye kishikio cha mlango wa dereva ilikuwa imefungwa shimizi nyeupe, ndogo, ya Sekela ya kanisani. Kila mtu aliipita akidhani ni nguo ya kwa Mama Zuhura imeanikwa. Mimi mwenyewe niliipita mara mbili.

Nikapanda. Nikafungua. Sekela alikuwa ameketi kwenye kiti cha dereva juu ya springi, gunzi la mahindi limelazwa pembeni kama mtu na kufunikwa jani la mgomba. Alikuwa macho. Alinikunjia uso, akauliza kwa sauti ya mtu aliyekatizwa shughuli zake:

"Kuna damu?"

Watu waliokuwa chini walicheka mpaka wengine wakashikana. Kumbe alitusikia muda wote, lakini ilikuwa saa yake, na katika saa yake haitikii mtu. Mama Zuhura alifuta machozi kwa ncha ya ushungi akasema, "Mama Esteri, wewe na michezo yako, utatuua!" Nami nilicheka. Nilicheka huku nimemkumbatia Sekela, halafu nikaketi kwenye matope na gauni langu la kanisani, nikalia kwa sauti.

Amosi alirudi na dada yake wakihema. Wifi yangu alimshika Sekela huku na huku, akimgeuza kama anayetafuta kasoro. "Mwebantu! Jamani, mtoto gani huyu?" Wakasimuliwa, nao wakacheka. Ikawa kama sherehe. Kesho shuleni walimu wenzangu watakuwa nayo, na wiki ijayo itafika Ihanda.

Esteri hakucheka. Alikuwa amesimama kando ya tairi lisilokuwepo, anasokota pindo la gauni lake lililolowa.

Hofu yangu sasa iko hapo.

Sekela ataendelea na maisha yake, huyo simwogopei sana. Namwogopea anayetii. Mtoto aliyekuja mlangoni na jambo kubwa kuliko umri wake, akaulizwa maswali mawili, akajibu kweli yote mawili, akaambiwa arudi kwenye mvua. Akarudi. Akakaa kizingitini saa nzima akilinda kitenge changu. Siku nyingine atakuwa na jambo lisilo na damu wala moshi. Atakuwa na miaka kumi na nne na mtu atakuwa amemwambia neno baya njiani. Ataangalia mlango wangu, atapima, ataona halitoshi.

Nilipomwosha miguu jioni nilimwambia sharti limebadilika. Nikamwambia, "Ukiogopa, gonga. Hata kama huoni damu, hata kama huoni moshi."

"Ndiyo, mama," akasema. Naijua hiyo ndiyo. Nina wanafunzi hamsini wanaonipa hiyo kila asubuhi, na nusu yao hawajaelewa.

Nilikuwa na beseni mbele yangu, miguu yake mikononi mwangu, hakuna mtu mwingine. Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema lile jingine. Nikamimina maji, nikamwambia akalale.

Amosi ametoka kumsindikiza dada yake mpakani. Bado anaamini kwamba mtoto aligonga kwa woga mno, hatukusikia. Ameshanifariji mara mbili. Kila akinifariji najiona mwizi.

Kitenge sikukichoma. Nilikishika juu ya jiko, nikamkumbuka mama na maharage yake, nikaona sitaweza, na Mungu ananijua, sidhani kama alichukua ahadi ile. Nikakitundika tena. Nilijiambia nahitaji utulivu wa kuandika. Uongo. Nimekitundika makusudi, nione kama atagonga.

Nusu saa imepita. Koroboi inaanza kutoa masizi. Nimeandika yote haya huku sikio langu moja likiwa mlangoni.

Kuna mtu nje.

Nimesikia miguu midogo uani, ikikwepa madimbwi. Imekuja mpaka kizingitini, imesimama. Naona vidole vya miguu yake chini ya mlango. Namsikia anapumua. Inabidi anyanyue mkono tu. Esteri, mwanangu, nyanyua mkono.

Hanyanyui. Amegusa kitenge, nimeona ncha ya msumari ikitikisika upande wangu wa mlango, kisha ametulia. Anapima kama inatosha.

Kwa nini namngoja yeye? Yeye alishagonga leo. Zamu ni yangu.

Naweka kalamu. Naenda kumfungulia, na kabla hajasema lolote nitamwambia kwamba mchana nilimsikia.