Mkaa wa Kuzika

Jumatatu, 19 Agosti

Haya, bibi, umerudi. Ulikuwa wapi? Tangu masika hujagusa daftari hili. Panya wamekula kona moja, kalamu nimeikuta ndani ya kopo la chumvi. Huna hata haya. Najigombeza mwenyewe maana msomaji hapa ni mimi tu. Shule sikuijua. Herufi nimezipata uzeeni, kwenye kisomo cha kanisani, na kitu ulichokipata kwa jasho huachii panya.

Leo nimeng'oa mashina ya pamba mistari minne. Mgongo umelia. Kila mwaka ni hivyo: pamba ikiisha, mashina yang'olewe yachomwe, la sivyo wadudu wanalalaga humo na watu wa kilimo wanapita kutupigia kelele. Miaka yote tulichoma tu, majivu yakaenda na upepo. Mwaka huu sichomi hivyo.

Jumatano, 21 Agosti

Niandike jambo lenyewe vizuri nisije kusahau.

Magesa, mwanangu wa kwanza, ana duka la vipuri vya pikipiki kule Mukendo, Musoma mjini. Mwezi wa tatu nilianguka shambani. Nilijikwaa tu. Akaja na gari la kukodi kana kwamba anafuata maiti. Akasema, mama, ekari ya juu imechoka na wewe umechoka. Tupande mikaratusi, uhamie kwangu, chumba kipo. Chumba nimekiona. Sakafu ya vigae, mtu anateleza kama kambale. Dirisha linatazama ukuta wa jirani.

Namjua, anaogopa. Baba yake alianguka hivyo hivyo, hakuinuka. Lakini mimi nitazame ukuta mpaka lini?

Tukakubaliana. Msimu mmoja. Ekari ya juu ikitoa mahindi ya kunifikisha masika, nabaki Bunda kwangu. Isipotoa, nahama, na miche ya mikaratusi inapandwa. Nilikubali haraka, kwa mdomo huu. Halafu nikaenda kuutazama udongo. Mweupe kama unga wa muhogo. Ukiushika unapita vidoleni. Nikajua nimejiponza.

Kinachonipa moyo ni yale mafunzo ya Butiama, mwezi wa sita, tulipopelekwa akina mama wa kikundi. Binti mmoja wa kilimo alituonyesha kugeuza mashina kuwa mkaa. Si wa kupikia. Wa kuzika. Yeye anauita bayocha. Unasagwa, unalowekwa kwenye samadi na mkojo wa ng'ombe, unawekwa kwenye shimo la mbegu. Una vitundu vingi, unashika maji na chakula cha mmea kama sponji. Akasema tena, mashina yakiungua yote hewa ukaa inapanda juu na kuharibu majira, lakini ukiyafanya mkaa na kuyazika, sehemu kubwa inabaki chini miaka na miaka. Nimezika mume. Nimezika dada watatu. Hewa sijawahi kuzika. Tutaona.

Jumamosi, 24 Agosti

Siku ya aibu. Naandika hivi hivi na masizi yangu.

Niliita risaga. Hapa kwetu peke yako humalizi kazi kubwa: unaita watu, wanakuja na majembe yao, na wewe unawanywesha. Ndiyo sheria yenyewe. Nilipika togwa ya mtama mapipa mawili. Niliiacha siku moja zaidi ichachuke kidogo, mchungaji asijue. Watu kumi na wanane walikuja. Nyamisi, jirani yangu, alikuja wa kwanza. Shemeji Wambura, mdogo wa marehemu mume wangu na kiongozi wa risaga yetu, nilimpa kazi ya heshima: alete maji ya kisima kwa punda wake, madumu ishirini. Mwisho wa kazi moto huu unazimwa kwa maji, tena mengi, tena kwa mara moja.

Shimo lilikuwa zuri. Juu pana, chini jembamba, kama kinu. Mkaa wa tanuri tumezoea kuufunika kwa udongo. Huu unaachwa wazi, moto unacheza juu, mkaa unaiva chini yake. Mashina kidogo, ukiona majivu meupe yameanza unaongeza mengine. Moshi hakuna kabisa. Watu walishangaa. Nilitembea huku na huku kama bwana harusi.

Shimo likajaa. Maji hayapo. Majivu meupe yakaanza juu. Nikatuma mtu. Wambura haonekani. Mashina yameisha, hakuna cha kuongezea, na mkaa wa siku nzima unageuka jivu mbele ya macho yangu. Nikaona vigae vya Mukendo.

Nikasema, mwageni togwa.

Hakuna aliyesogea. Nyamisi akasema, "Mama Magesa, umerukwa na akili?" Nikashika ndoo mwenyewe. Pipa la kwanza. Pipa la pili. Moto ukalia chwaaa, harufu ya uji ulioungua ikafika barabarani. Mzee mmoja alivua kofia kama tuko msibani.

Mkaa ulipona wote. Wambura akafika na madumu yake wakati watu wanafunga majembe. Eti punda aligoma. Akatazama mapipa matupu, akatangaza mbele ya wote: "Shemeji umevunja risaga. Kazi yako inayofuata haina mtu."

Wakaondoka na kiu yao. Nimelia kidogo. Kidogo tu.

Jumapili, 25 Agosti

Kanisani waliimba vizuri, wakaninong'ona vizuri zaidi. Nasikia jina langu sasa ni Mama Zimamoto. Watoto wa kijiji wamelipenda.

Wambura alikaa mbele, shingo imesimama. Namchukia leo. Kesho nitamsamehe, leo hapana.

Alhamisi, 5 Septemba

Nimepika togwa upya. Nimeibeba kichwani nyumba kwa nyumba, kila aliyekuja nikampa haki yake. Wamekunywa. Wamecheka. Wambura alikunywa vikombe vitatu, akafuta mdomo, akasema sheria ni sheria. Anasema hivyo na povu langu kwenye masharubu!

Mkaa nimeutwanga kwenye magunia kwa mchi, nimeulowanisha kwanza usirushe vumbi. Nimeuchanganya na samadi ya zizini. Mkojo wa ng'ombe nakinga alfajiri kwa kopo. Ng'ombe mwekundu ana adabu, yule wa madoa ananinyima makusudi. Rundo nimelifunika kwa majani ya migomba. Binti wa kilimo alikazania hilo: usiuzike mkavu, mkaa mkavu una njaa, utakula chakula cha mahindi badala ya kuyapa.

Nimeshika katikati ya rundo. Moto. Linanuka vibaya, vizuri sana.

Jumanne, 8 Oktoba

Mvua imeshuka juzi. Nimepanda. Kila shimo konzi mbili za mkaa wangu, udongo kidogo, mbegu mbili. Mkaa umetosha ekari isipokuwa mistari mitatu ya chini kabisa. Hiyo nimeipanda kavu kavu, Mungu ataijua.

Magesa amepiga simu. Ameshapata mtu wa miche Nyegina, anamwekea. Anasema tu, ili tusichelewe. Nimemwambia mwanangu, jeneza halinunuliwi mgonjwa anakunywa uji. Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumapili, 10 Novemba

Magugu. Yamenifika magotini. Palizi ya kwanza nilijikokota nikamaliza. Hii ya pili imenishinda. Nyonga ya kulia inawaka. Niliita risaga kwa adabu zote, hakuna mtu. Nyamisi alitaka kuja, mume wake akamkataza, eti nao watatengwa.

Nimepalilia mistari miwili leo baada ya ibada. Imebaki mingi mno. Magugu yakikaa wiki mbili tena yatakula kila kitu, na mkaa wangu utakuwa umelisha magugu.

Magesa nimemdanganya kwenye simu. Nimesema watu wapo.

Jumamosi, 16 Novemba

Siku ya tisa bila mvua. Jua kali la kukaangia dagaa. Mahindi ya Wambura, ng'ambo ya njia, yamejikunja majani kama mirija. Mistari yangu mitatu ya chini nayo imejikunja hivyo hivyo. Ya mkaa imesimama. Majani mapana, kijani cha kuleta wivu. Nimechimba kwa kidole: chini kuna unyevu. Nimebusu udongo. Nilihakikisha kwanza hakuna anayepita.

Magugu nayo yamependeza. Nimefika nusu. Nimeanza kupalilia nikiwa nimekaa chini, najisogeza kwa makalio. Kitenge kimetoboka.

Alhamisi, 21 Novemba

Siku nzuri kuliko zote. Nitaiandika yote.

Watu walianza kusimama njiani kutazama. Mmoja, wawili, halafu wengi. Mimi niko chini na makalio yangu kwenye vumbi, wao wananyoosha shingo. Nyamisi akaingia bila kuomba ruhusa ya mtu, akaanza kupalilia. Mume wake akamtazama, akamfuata.

Wambura akaja mwisho.

"Shemeji, nimekuja kukusalimu."

"Salamu yako imebeba jembe?"

"Jembe liko nyumbani. Nimekuja kuuliza huo mkaa."

Nikamwambia mkaa nitamfundisha bure, ila awaambie watu hawa kitu kimoja. Siku ile maji yalikuwa wapi?

"Kisimani."

"Na wewe?"

"Na mimi kisimani."

"Punda aligoma?"

Punda mwenyewe alikuwa nyuma yake, mpole kama katekista.

"Hakugoma," akasema. "Nilikuwa nasimulia."

"Unasimulia nini?"

"Habari zako. Kwamba shemeji yangu anazika mkaa kama marehemu."

Watu walicheka mpaka Nyamisi akakaa chini. Wambura naye akacheka, tena wa mwisho kunyamaza. Ni mtu mzuri yule, ana mdomo tu. Akasema aliyevunja risaga ni yeye, akaenda kuchukua jembe. Jioni palizi ilikuwa imekwisha. Togwa sikuwa nayo. Waliondoka na kiu mara ya pili, safari hii wakiimba.

Jumamosi, 18 Januari

Magesa alikuja. Alikuja na viatu vya mjini na mtu wa Nyegina mwenye miche, imepangwa nyuma ya kigari cha kirikuu. Nilidhani ameshaamua bila mimi.

Mahindi tulishayavunja juzi. Si kila kitu kilikwenda vizuri, nisijidanganye. Kona ya mashariki viwavi walikula. Mistari mitatu ya chini imetoa magunzi yenye meno matatu kama mimi. Lakini kilichobaki kimejaza kihenge na sebule. Magesa aliingia ndani akakosa pa kuweka mguu. Akatoka, akapandisha mpaka ekari ya juu peke yake. Nikamfuata polepole na fimbo.

Nilimkuta amechuchumaa. Amechimba kwa mikono, suruali nzuri ile. Ameshika udongo. Mweusi, umeshikana. Akaniuliza, "Mama, huu ni udongo wetu ule ule?" Nikasema ndiyo, nimeulisha tu.

Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea. "Mimi nilikuwa naogopa nipigiwe simu niambiwe umelala huku peke yako." Nikamwambia nitakufa, hilo halina mkaa. Lakini sasa ninao watu kumi na wanane wanaonichungulia kila siku kuona nafanya nini. Huko Mukendo nani angenichungulia, ule ukuta?

Alicheka na machozi. Mtu mzima, ana mvi. Nilimfuta kwa kitenge na masizi yake yote, akabaki na uso kama fundi gereji.

Mtu wa Nyegina alirudi na miche yake. Nilimpa mahindi debe moja asinune. Ninabaki.

Jumatatu, 20 Januari

Kimya leo. Magesa ameondoka asubuhi. Nimekoka moto, nimechemsha viazi, nimekula. Nyonga inauma kama kawaida yake. Nimekaa mlangoni mchana wote bila kazi. Sikumbuki mara ya mwisho.

Ng'ombe wanakula mabua. Ukungu wa ziwa umeinuka. Hakuna ninachotaka.

Nyamisi anachimba shimo lake Ijumaa. Atatumia magunzi ya mahindi badala ya mashina ya pamba, nami sijui kama magunzi yanakubali. Ukifungua daftari hili tena, bibi, usije kabla hujakwenda kwake. Usije na habari za kusikia. Uje unanuka moto.