Ufunguo Haupandi Ukuta kwa Uzi

Mpumudde, Jinja

Kwa Dada Hadija, mwalimu wa watoto wa watu na mchapaji wa wadogo zake,

Assalaam aleikum Dada, na wote mlio hapo Mbale. Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na lile shati ulilonishonea limeanza kunibana mabegani, maana siku hizi mimi ni mtu mkubwa Jinja hii. Sababu utaiona chini. Wewe hujambo? Mguu wa Baba umepoa, au bado anausingizia asitumwe sokoni? Na Mama, bado anaficha chumvi kama vile vita havijaisha?

Sasa kitabu chako. Uliniambia nikisome mpaka mwisho, kisha nikuandikie nimejifunza nini. Nimekimaliza, Dada! Kiingereza chote kile, mimi niliyeishia darasa la sita siku shule yetu ilipogeuzwa kambi. Na nilichojifunza ni kwamba kitabu chako ni cha uongo, na nusura kimfunge Mzee Swaibu.

Mzee Swaibu ndiye fundi wangu wa makufuli. Tangu vita viishe kazi imejaa, kwa kuwa milango ya mji huu ilivunjwa karibu yote. Lakini mchana jua likikaza tunapumzika barazani, na hapo ndipo nilipokuwa nawasimulia watu kitabu chako, kurasa chache kila siku, kwa Kiswahili. Walikuja wengi. Afande Okot, sajini wa polisi, alikuja na kiti chake mwenyewe.

Wewe ulikisifu, mimi nakushangaa. Bibi kizee wa Kizungu anaoka keki, anafuga paka, na polisi wakishindwa kesi wanakwenda kumuuliza yeye. Tajiri ameuawa chumbani ghorofani, na huku chini watu wanaongezewa chai! Mzee Swaibu akaniuliza, "Hawa watu hawaziki?" Nikamwambia mazishi yako mbele. Nilitafuta mpaka jalada, hayakuwepo.

Halafu ule ujanja wa muuaji. Mlango umefungwa, na ufunguo umekutwa ndani, unaning'inia msumarini. Bibi wa keki anasema muuaji alifunga kwa nje, kisha akaurudisha ufunguo kwa uzi, ukapita chini ya mlango, ukapanda ukuta, ukakaa msumarini wenyewe kama popo. Nakuambia ukweli, nilipofika hapo nilikoleza. Nilionyesha kwa mikono, vidole vikacheza. Watu wakapiga makofi, na Afande akapiga kuliko wote.

Juma lile lile sukari ya mgao ya mtaa wetu ikapungua. Ilikuwa kwenye stoo ya duka moja lililoachwa na Mhindi, na kufuli lilikutwa zima, lile ambalo Mzee Swaibu alikuwa amelitengeneza. Ufunguo ulikuwa msumarini ofisini kwa Afande, naye akitoka anafunga ofisi. Basi watu wakaanza kumtazama Afande kwa pembe ya jicho. Kesho yake akaja barazani bila kiti.

"Mzee, simama. Hii kufuli ni wewe ulitengeneza. Uzi chini ya mlango. Mimi nilisikia yote kwa kitabu."

"Afande, hicho ni kitabu tu."

"Ndiyo. Kimeandikwa."

Akamchukua. Mzee Swaibu aliniwekea tupa yake mkononi, akapita bila kuniangalia. Dada, siku ile sikula. Mtu aliyenipa kazi wakati sina hata viatu anakwenda kulala chini selo, kwa ajili ya mdomo wangu na vidole vyangu.

Asubuhi nikaenda kituoni na uzi. Nikasema, "Afande, ofisi ni hii, msumari ni ule. Fanya wewe, nione."

"Wewe kijana iko na mdomo mingi," akasema. Lakini watu walikuwa wamejaa, akaona haya. Akapiga magoti nje ya mlango wake mwenyewe, afande mzima. Kuutoa ufunguo, ulitoka: uzi tulishaufunga ufunguoni, akavuta, ukaanguka, ukaburuzika mpaka nje. Kuurudisha sasa! Akausukuma chini ya mlango, akavuta uzi huku, akavuta kule, ufunguo umelala tu sakafuni. Mama mmoja muuza ndizi akapaza sauti, "Afande, mwite yule bibi wa keki akusaidie!"

Watu wakacheka mpaka mahabusu ndani wakaitikia. Afande akasimama, anajipangusa magoti. "Mimi si fundi. Fundi anaweza."

Nikaona bado. Nikamwomba tukaangalie stoo. Magunia yaliyolegea yalikuwa mawili tu, yale yaliyoegemea ukuta, usawa wa matundu ya hewa. Nikainama. Kwenye kila gunia palikuwa na kitobo cha mviringo, nyuzi zake zimesukumwa ndani. Unakumbuka kile chuma cha Baba cha kuonjea kahawa? Kimechongoka mbele, kina uwazi ndani, unachoma gunia na punje zinateremka zenyewe mkononi. Alinichapa mara ngapi kwa kukichezea! Kitobo chake nakijua kuliko herufi.

Nikasema, "Afande, huyu mwizi hakuja mlangoni." Tukazunguka nyuma. Sisimizi walikuwa wametoka tunduni kwa mstari mmoja, wakateremka ukuta, wakapita chini ya ua, wakaingia jikoni kwa jirani anayepika waragi, ile pombe kali. Humo tukakuta bomba la fremu ya baiskeli limekatwa mshazari kama chuma cha Baba, na sukari imeganda ndani. Jirani akasema ni la kupulizia moto. Afande akalilamba, akamtazama, akamwambia, "Twende, moto yako tamu."

Mzee Swaibu alitoka kabla ya adhuhuri. Watu wakanibeba, Dada, mabegani, kutoka kituoni mpaka barazani! Mzee akanitazama sana, kisha akasema, "Isa, siku nyingine wasimulie kitabu cha mapishi." Akanikatia nafasi kwenye meza yake. Mimi sifagii tena vumbi la chuma. Nakata funguo.

Jioni Afande akarudi na kiti. Akakohoa, akauliza kwa sauti ya chini, "Na ile tajiri, nani aliua?" Nikamwambia: pacha wake, aliyeshuka melini ukurasa wa mwisho.

"Pacha? Alikuwa wapi siku zote?"

"Hakutajwa, Afande."

Akakunja kiti chake. "Basi huyo bibi alimjuaje? Yeye ndiye wa kukamatwa."

Msalimie Baba, mwambie chuma chake kimemtoa mtu selo, kwa hiyo aniombe radhi kwa zile fimbo, au mimi nimshukuru kwazo. Mama mwambie sukari ipo, chumvi aitoe. Shangazi wa mtaa wa pili, aliyesema sitafika popote, msomee barua hii mara mbili.

Kitabu chako nakirudisha kwenye kifurushi hiki, pamoja na uzi wa Afande, na kufuli lenye ufunguo wa kwanza niliokata kwa mkono wangu. Pigilia msumari, toka nje, funga, uurudishe ufunguo kama alivyofundisha bibi wako. Ukiweza, narudi darasa la sita na kaptula, unichape mbele ya watoto. Ukishindwa, lifunge kufuli hilo kwenye mlango wa mbele, na ule waya mnaofungia tangu askari walipouvunja mlango huo, utupeni.

Ni mimi mdogo wako,
Isa, fundi funguo