Viungio vya Fundi Athumani

Musoma, Alhamisi usiku

Kwa nini wakili, bosi wangu, alimwambia fundi vile? Sheria anaijua kuliko mimi.

Fundi Athumani wa Bunda alikuja tena leo ofisini na kiungio alichokibuni mwenyewe, cha nyaya za taa za kuvulia dagaa. Hakiingizi maji hata kidogo. Mimi karani ndiye ninayemwandalia maombi ya hataza, ile hati ya kumlinda mbunifu asiigwe. Akasema Jumamosi atawagawia wavuvi wa Mugango viungio kadhaa wavijaribu. Nikataka kumwonya kwamba kitu kikishaonekana hadharani kabla ya maombi hakihesabiwi tena kuwa kipya, na hataza anaweza kuikosa. Wakili akanikatiza.

"Wagawie tu, fundi! Biashara matangazo."

Wakacheka. Mimi sikucheka. Shemeji yake wakili ana karakana ya vifaa vya umeme, na juzi alikuja kukiulizia kiungio hicho; hataza ikikosekana, ataweza kukitengeneza bila kumlipa fundi. Labda ni udadisi tu. Labda.

Jioni nilimpigia fundi kwa siri. "Fundi, usigawe hata kimoja mpaka maombi yapokelewe."

"Nani kakutuma, mdogo wangu? Wakili anaruhusu, karani unakataza. Au na wewe una mtu wako wa kumuuzia?"

Nikaapa kwa Mungu.

"Haya, sigawi. Ila watu wa ofisi mnatuchezeaga sana. Kesho nakuja, mbele ya wakili wako, mnieleze nani mwongo."

Akakata.

Bado nimeishika simu. Nataka kumwomba asinitaje kwa wakili, lakini nikimwomba hivyo, ataamini kabisa kwamba mwizi ni mimi.