Mama na Mama Mkwe Wanahamia Ruiru

Makongeni, Thika.
Jumatano, tarehe 11 Juni 2025.

Mpendwa Kagwe, mtoto wa mama,

Habari ya huko Mpeketoni? Mguu iko aje? Siku nilisikia punda amekupiga teke nilishtuka sana, halafu nikacheka, kwa sababu tangu utoto wewe hupenda kusimama nyuma ya wakubwa. Bibi yako Nduku mzima? Mahindi imefika wapi? Sisi huku tunapumua tu. Baridi ya Juni imeingia na presha yangu inapanda na kushuka vile inataka, haiulizi mwenyewe.

Usishangae mwandiko. Anayeandika ni Dalmas, jirani yangu wa kuchomelea milango. Mimi naongea, yeye anaandika, na nimemwambia asirekebishe kitu. Karani wangu wa siku zote ni Waithira, lakini leo Waithira ndiye habari yenyewe.

Unajua nyumba yangu. Tangu tumzike Beth, miaka miwili sasa, mimi ndiye mwanaume pekee Thika nzima anayeishi na mama yake na mama mkwe wake chini ya bati moja. Binti yangu Waithira ana jina la mama yetu, kwa hivyo yeye ndiye mama, ana miaka tisa. Mdogo wake Jackie amepewa jina la mama ya Beth, Wanjeri wa Ruiru, ana miaka mitano. Sasa nitachapa nani? Nikimkemea Waithira, anaweka mkono kiunoni: "Gachau, hivyo ndivyo mtu anaongelesha mama yake?" Nikigeukia Jackie, nakumbuka mama mkwe hatazamwi machoni. Nimebaki kama kitinda mimba kwa nyumba yangu mwenyewe.

Lakini kazi ya kulea niliifanya, Kagwe. Hakuna mwanaume wa rika yetu ameiweza kama mimi.

Sasa sikia. Jumapili iliyopita Wanjeri mwenyewe, yule mzee, alikuja kutoka Ruiru na dada ya Beth, Emmaculate, na wazee wawili. Walikuja kusema mwanaume peke yake hawezi kulea wasichana. Wewe ndiye ungekuwa msemaji wangu, kama siku ile ya kuomba Beth, lakini punda alikuwa ameamua. Nikajisemea mwenyewe. Na kwa vile mtu habishani na mama mkwe uso kwa uso, niliongelesha kalenda ya ukutani.

Nikaona niwaonyeshe mimi ni baba wa aina gani. Nikawapigia stori ya nywele. Unakumbuka nikifanya kazi kwa kile kiwanda cha magunia, vile hakuna fundo yangu iliwahi kufunguka? Basi Waithira alitaka kusukwa na uzi, na mimi nikamsuka na fundo ya gunia. Ilikuwa safi! Ilikaa mwezi mbili. Siku ya kufumua, mama wa saluni alivuta, akaita mwenzake, wakavuta wawili, mwishowe wakachukua makasi, kichwa ikabaki wazi. Jumapili pasta akamshika kichwa akasema, "Mungu abariki huyu kijana."

Wazee walicheka hadi mmoja akamwaga chai. Kuona hivyo nikaongeza moto.

Nikawaambia ile ya choo ya stendi. Jackie haingii choo ya wanawake peke yake, na mimi siwezi kuingia, kwa hivyo tulikubaliana: mimi nasimama mlangoni naimba, ajue niko. Nikinyamaza tu, anapiga kelele huko ndani, "Baba, imba!" Siku moja nimeimba nyimbo za kanisa nne, watu wamejaa, mama mmoja akaniwekea shilingi ishirini kwa kofia na kuniambia, "Endelea na kazi ya Bwana." Mwingine alitaka kuniitia askari.

Halafu ile ya shukrani. Maji ilikuwa imepotea Makongeni wiki nzima. Pasta akauliza nani ana neno la shukrani, Jackie akapewa maiki. "Namshukuru Mungu kwa sababu leo baba ameoga."

Wazee walikuwa wanapanguza macho. Mimi nikajua nimeshinda. Lakini mama mkwe hakuwa amecheka hata moja. Alikuwa anaangalia mikono ya Waithira.

Hapo ndipo niliharibu, Kagwe. Nikaona nimalizie na ushahidi. Nikatoa mfukoni barua ya mwalimu, ile Waithira alinisomea mwezi uliopita. Ati mwalimu anasema Waithira ni mtoto mzuri kushinda darasa yote, baba anaendelea vizuri, na mtoto anunuliwe mandazi. Kila mtu wa hii ploti ameonyeshwa hiyo barua. Nikampa Emmaculate aisome kwa sauti, kalenda ijionee.

Emmaculate aliangalia karatasi, akaniangalia, akasoma. Kwamba hiyo ni barua ya tatu. Kwamba Waithira analala darasani kila siku. Kwamba anaamka saa kumi ya alfajiri kufua nguo za Jackie na kupika uji kabla baba hajaamka, ili baba asichoke. Kwamba mikono imempasuka na sabuni. Kwamba mzazi afike shuleni tafadhali.

Mimi nikiamka hupata uji kwa thamosi. Nilijua ni yeye anapika, lakini nilifikiri anaamka dakika kidogo mbele yangu. Nilikuwa hata najisifu nje, ati nimefundisha msichana kazi.

Nikamwangalia. Yeye aliangalia miguu yake. "Nilikusomea ile nzuri," akasema.

Mama mkwe akaniongelesha moja kwa moja, bila msemaji. "Gachau, sikuja kukunyang'anya. Nimekuja kuchukua mama yako apumzike."

Nikaambia kalenda basi, waende wote wawili.

Wanaenda Jumamosi. Shule imepatikana huko Ruiru. Watu wananituliza ati Ruiru si mbali, ni kupita Juja tu. Ni kweli. Lakini mtoto akishakuja kwako kutembea, huyo ni mgeni. Jackie aliniuliza nani atamwimbia huko. Nikamwambia kwa cucu, nyanya yake, choo iko ndani ya nyumba, haihitaji wimbo. Alifurahi sana. Mimi nikatoka nje kidogo.

Jana Waithira alichora jua kwa chupa moja ya dawa yangu ya presha na mwezi kwa ile ingine, nisichanganye. Akanionyesha mara tatu, akaniambia nirudie. Nikarudia. Nikamwambia ndiyo, mama.

Usipande gari uje. Mguu bado, na hakuna kesi ya kusemewa tena. Hata ungekuja, ningekuambia wamesema ukweli.

Nisalimie Nduku, nisalimie Mwas na Cindy, waambie wasomee vitabu, si kama baba mkubwa. Mungu akupe mguu wa kusimama, na akuzuilie punda.

Ukijibu, usifiche kitu. Dalmas atanisomea, na yeye husoma tu vile imeandikwa.

Ni mimi, wako wa kukupenda siku zote,
Gachau