Maji ya Rejeta Yalikokwenda

Marahaba, mjukuu wangu Neema.

Huku Buzebazeba tu wazima, na dada yako amejifungua salama. Unauliza maji ya rejeta ya pikapu yako yanakwenda wapi, wakati chini hakuna hata tone. Pikapu yetu ilinichanganya hivyo hivyo, mimi na bibi yako tukipeleka samaki wa migebuka Kasulu. Nilibadilisha mipira ya maji, nikabadilisha mfuniko, ikachemka tena mlimani.

Bibi yako akasema, "Miguu yangu imelowa."

"Ni maji ya ndoo ya samaki."

"Samaki gani wana maji ya moto?"

Nikainua zulia. Hita, ile inayopasha joto ndani ya gari kwa maji ya rejeta, ilikuwa inavuja. Fundi wa mtaa wa Mwanga akaunganisha mipira, maji yasipite tena kwenye hita, na pikapu ikapona.

Mpaka leo sielewi kwa nini sikumuuliza mapema aliyekaa kando yangu.

Wewe unapanda na nani?

Babu yako